Kutoka Bluu Kwenda Njano

Juni 2023 Yamaha walitangaza kwamba wanaacha kutengeneza pikipiki za theluji. Japani mauzo yalikuwa yamekoma na toleo la 2022, Ulaya yangekoma na lile la 2024, na sisi wa Amerika Kaskazini tungepata toleo la mwisho la 2025. Maelezo yao yalikuwa ya kibiashara na yenye heshima: biashara ya theluji imekuwa ngumu kuiendeleza, nguvu zao wanazipeleka kwingine, vipuri na huduma vitaendelea kupatikana. Habari ilinikuta Duluth, Minnesota, jua kali, mbu tele, hakuna mtu aliyekuwa akiiwaza theluji. Jioni ile chakula hakikunipita kooni. Sikuwahi kumiliki pikipiki ya theluji ya kampuni nyingine, wala nyumbani kwetu nilikozaliwa haikuwahi kufungwa injini ya kampuni nyingine.

Kwa asiyekijua chombo hiki: mbele kina skii mbili zinazofuata usukani, nyuma kina mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozungushwa na injini na kuing'ata theluji. Unakikalia kwa kupanua miguu, gesi iko kwenye kidole gumba. Minnesota ina zaidi ya kilomita 35,000 za njia zake, na nyingi hutunzwa na vyama vya wapandaji wenyewe, watu wa kujitolea wanaotoka usiku na trekta kusawazisha theluji ili asubuhi wenzao wapite. Moja ya njia hizo, North Shore State Trail, huanzia Duluth ikapanda misituni juu ya Ziwa Superior hadi Grand Marais, kama kilomita 235. Wengi hupanda kwa starehe, sikatai. Lakini kuna watu wanaoishi mahali ambapo theluji ikishashuka gari halifiki tena, na kwao pikipiki hii ndiyo barabara.

Jambo hilo nililielewa upesi kwa sababu ya nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Jibondo, kisiwa kidogo karibu na Mafia, ambako hata maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo. Hospitali iko Kilindoni, ng'ambo ya maji. Baba alikuwa na boti lenye Yamaha ya hospawa 15, injini ya mipigo miwili, ile ambayo oili yake huchanganywa na petroli, lita moja kwa lita 50. Alikuwa akichanganya kwenye dumu la njano, akilitikisa kwa mikono miwili, harufu inaenea ufukweni kote. Usiku mama aliposhikwa na uchungu wa mdogo wangu, kusi ilikuwa imechafuka, na wazee wawili walimwambia baba asubiri kupambazuke. Hakusubiri. Alivuta kamba mara moja, mashine ikawaka, wakavuka. Mdogo wangu alizaliwa Kilindoni kabla ya alfajiri, mzima, na leo ndiye mwenye boti.

Baada ya usiku ule baba alikuwa akiitaja Yamaha kwa sauti anayoitumia kuwataja watu waliomfaa. Kwenye kifuniko cha mashine kulikuwa na nembo ya uma tatu za kulinganishia sauti za ala, kwa kuwa Torakusu Yamaha, ambaye jina lake ndilo la kampuni, alianza na vinanda mwaka 1887. Hatukujua hayo. Sisi watoto tulizichora uma zile mchangani.

Kwa hiyo nilipofika Duluth kwa kazi ya uuguzi, na jirani yangu, mzee mwenye asili ya Ufini aliyestaafu kazi ya migodi ya chuma, akaniambia ana pikipiki ya theluji anaiuza, nilichokitazama kwanza ni nembo. Uma tatu. Nikauliza bei baadaye.

Ilikuwa RX-1 ya 2003, na hapa lazima nisimame kidogo, maana mashine hii inastahili. Kabla yake karibu pikipiki zote za theluji zilikuwa na injini za mipigo miwili: nyepesi, kali, zenye moshi, na zinazokunywa oili. Yamaha wakachukua injini ya pikipiki yao ya barabarani, R1, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 998, ya mipigo minne, wakaitengeneza upya kwa ajili ya baridi. Wengi walisema ni nzito mno, itazama kwenye theluji laini. Nzito ilikuwa kweli. Lakini asubuhi ambayo mate yanaganda kabla ya kufika chini, unabonyeza kitufe na inawaka. Hakuna moshi, hakuna chupa ya oili mgongoni, na mngurumo wake ukiishika kasi ni wa kinanda kweli. Nimepanda mashine nyingi za watu tangu wakati huo, na nasema bila kusita: ile ndiyo injini bora niliyowahi kuikalia. Baadaye niliongeza RS Venture, ya kubeba watu wawili, ili mke wangu naye awe anakwenda.

Huku Kaskazini rangi ni ukoo. Yamaha ni bluu, Ski-Doo ni njano, Arctic Cat ni kijani, Polaris wana nyekundu yao. Shabiki wa soka wa Msimbazi au wa Jangwani ataelewa bila maelezo: watoto hurithi, maharusi huulizwa, na kwenye mkahawa wa njiani makoti ya rangi moja huketi meza moja. Minnesota jambo hili ni zito zaidi kwa sababu kampuni mbili kati ya hizo zilizaliwa hapa hapa jimboni, katika miji miwili midogo iliyoachana kama kilomita 100: Polaris mjini Roseau, Arctic Cat mjini Thief River Falls.

Jirani yangu ndiye aliyenisimulia kwamba miji hiyo miwili ina baba mmoja. Edgar Hetteen alianzisha Polaris mwaka 1954 pamoja na mdogo wake Allan na rafiki yao David Johnson. Mwanzoni walitengeneza zana za kilimo. Pikipiki ya kwanza ya theluji ilitoka karakanani mwao katikati ya miaka ya 1950, na kwa jinsi inavyosimuliwa Edgar mwenyewe hakuwa na imani nayo. Mwaka 1960 akaenda nazo Alaska, safari ndefu ya kuonyesha ulimwengu kwamba zinaweza. Aliporudi alikuta wenzake hawakufurahia kuondoka kwake. Akaachana na kampuni aliyoianzisha kwa mikono yake, akahamia Thief River Falls, akaanza upya. Kampuni hiyo ya pili ndiyo Arctic Cat. Watu wa Roseau na wa Thief River Falls wametupiana maneno zaidi ya miaka 60 kwa ajili ya rangi ambazo mwasisi wao mwenyewe alizihama.

Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza niliicheka ikapita. Iliponirudia, toleo la 2014 lilikuwa limetoka. Yamaha walileta mashine waliyoiita SRViper, na aliyefungua kifuniko aliona injini ya Yamaha ya silinda tatu imekaa ndani ya fremu ya Arctic Cat, iliyoundwa Thief River Falls. Miaka michache baadaye wakashirikiana tena, injini ya Yamaha yenye turbo ikaenda kwa wote wawili, bluu na kijani. Wapo waliokasirika. Mimi nilimtetea Yamaha kwa kila aliyenisikiliza, nikisema moyo wa chombo ni injini, mengine ni mbao na misumari. Hata hivyo ndani yangu kitu kilikwisha kulegea. Ikiwa mifupa ni ya yule tunayemtania kila msimu, basi utani wetu unasimama juu ya nini?

Ndipo ikaja Juni 2023, na baada yake majira ya baridi ya 2023–24 ambayo wazee hapa hawakuwahi kuyaona: yenye joto kuliko yote katika rekodi za jimbo. Njia zilibaki udongo na majani. Maziwa yalichelewa kushika barafu. Wataalamu wa jimbo hushauri barafu imara ya sentimita 13 hivi au zaidi kabla ya kupita na pikipiki, na wiki baada ya wiki watu walitoboa, wakapima, wakarudi nyumbani. RX-1 yangu ilishinda chini ya turubai. Sijui namna nzuri ya kueleza kipindi kile, mashine nzima, tanki limejaa, mtengenezaji anaaga na theluji nayo haiji. Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri.

Nilichokifikiria zaidi ni fundi. Duka nililolizoea lilikuwa limeanza kuhamishia nguvu zake kwenye boti na magari ya shambani, na fundi aliyeijua RX-1 kwa kuisikia tu alikuwa amestaafu. Vipuri vinapatikana, nakubali, lakini kuna tofauti kati ya kipuri kinachosafirishwa siku kadhaa na kipuri kilicho kabatini kwa mtu aliye dakika 20 kutoka kwako. Baba asingeipenda Yamaha kama Mafia pasingekuwa na mtu wa kuifungua.

Mke wangu aliliona upande mwingine. Binti yetu Zuhura alikuwa amepata cheti cha mafunzo ya usalama, ambacho hapa ni lazima kwa mkazi yeyote aliyezaliwa baada ya 1976. "Baba Zuhura," akaniambia, "ile mashine ikimwangukia, au ikikwama kwenye theluji laini, mtoto ataiinua na nani?" Sikuwa na jibu. Mashine ya mipigo minne inazidi ya mipigo miwili kwa makumi ya kilo, na mkono wa binti wa miaka 16 unazihisi zote.

Kwanza niliwaza Arctic Cat, kwa kuwa ilikuwa ndugu wa Viper. Lakini mwishoni mwa 2024 wenye kampuni walitangaza kwamba uzalishaji utasimama, na mpaka ilipopata wamiliki wapya mwaka 2025 hakuna aliyejua Thief River Falls itaamkaje. Polaris ni mashine nzuri. Rafiki zangu wawili wanazo. Ila karibu na kwangu fundi hodari kuliko wote ni wa Ski-Doo, na hapo ndipo nikaanza kuwasoma watu wa njano, ambao kwa miaka nilikuwa nikiwapungia mkono tu.

Joseph-Armand Bombardier alikuwa fundi wa gari mjini Valcourt, Quebec. Siku zile barabara za vijijini huko hazikuwa zikisafishwa. Theluji ikishuka, kijiji kilijifunga mpaka masika. Alikuwa akijaribu kuunda chombo cha kupita juu ya theluji. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, akaugua tumbo. Hospitali ilikuwepo, lakini njia ya kufika haikuwepo, na chombo cha baba yake hakikuwa tayari. Mtoto akafa. Mwaka 1937 Bombardier alikuwa akiuza B7, chombo cha kubeba watu saba, na wateja wa vyombo vyake wakawa madaktari, wabeba barua, mapadri, watoto wa shule. Ski-Doo, pikipiki ndogo ya mtu mmoja au wawili, ilikuja baadaye sana, mwaka 1959, na starehe ikaja nayo.

Niliisoma habari hiyo nikiwa zamu ya usiku, nikainuka nikazunguka wodi nzima. Ni usiku ule ule wa Jibondo, ila baba yangu alivuka na Bombardier hakuvuka. Miaka yote nilidhani ninaipenda kampuni moja. Nilichokuwa nakipenda ni chombo kinachomfikisha mgonjwa pale barabara inapokatika, na huyu mtu wa Valcourt alianza kazi yake kutoka hapo hapo, kwa uchungu ambao sisi tuliepushwa nao.

Januari 2025 nikanunua Ski-Doo iliyotumika, yenye injini ya Rotax 600R E-TEC. Mipigo miwili. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, oili ina tanki lake na pampu yake, kwa hiyo dumu la kutikisa halipo na moshi ni mdogo. Inageuka upesi mno. Siku za kwanza nilikuwa naingia kona mapema kuliko nilivyokusudia. Zuhura anaiinua mwenyewe upande mmoja kwa mgongo na magoti, kama alivyofundishwa. Ninachokikosa ni ule mngurumo, na kila nikinunua galoni ya oili namkumbuka RX-1 ambaye hakuniomba chochote msimu mzima.

Nilimpigia simu mdogo wangu Jibondo kumwambia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kaka, oili yake inaungua na petroli?"

Nikamwambia inaungua.

"Basi umerudi kwetu," akasema. "Ile nyingine uliyokuwa nayo, ya mipigo minne, ndiyo iliyokuwa ngeni."

RS Venture nimeiuza kwa mtu wa Ely. RX-1 ninayo bado, nami huibadilisha oili kila vuli. Jirani yangu hataki kusikia habari ya kuhama. Amenunua mikanda, plagi na fani za kumtosha mpaka uzee wake uishe, na amezipanga kwenye rafu kwa tarehe. Tukienda Grand Marais yeye ndiye anayetangulia, kwa kuwa anaisoma barafu kuliko mimi, na Zuhura hukaa katikati yetu. Msimu ujao, theluji ikitujalia, tumekubaliana kwenda Roseau na Thief River Falls kwa safari moja, bluu mbele, njano nyuma, tukaone karakana za Edgar Hetteen zilikuwa wapi. Mzee anadai atavuka mji wa Arctic Cat bila kuzima injini. Zuhura amemwambia petroli itamwishia hapo hapo.