Upepo wa Lac Vert

Wamama wenzangu, vijana wetu wanapenda sana picha za magari ya mbio yenye paa gumu linalokunjwa. Unabonyeza kitufe, paa linajikunja na kulala nyuma, mahali pa mizigo. Mvua ikija, linarudi. Mtindo huo ni wa zamani: Peugeot ilitoa 401 Éclipse mwaka 1934, na Mercedes SLK ya mwaka 1996 ikaurudishia sifa. Mwenye gari hilo anapata vyote viwili: upepo usoni na mahali pa kujikinga.

Ukitoka Goma kuelekea Sake, unafika Lac Vert, ziwa dogo la kijani ndani ya shimo la volkano, karibu na Ziwa Kivu. Wengi wetu tunafika huku kwa pikipiki au kwa miguu, bila paa. Upepo tunaupata bure.

Lakini huku kuna mazuku, gesi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, basi inajaa mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Inaua watu na mifugo. Gari la mbio liko chini sana, na kufunga paa hakuizuii. Mtoto naye ni mfupi. Inamfikia kabla yetu.

Basi asubuhi na mapema tusimtume mtoto kuchunga mbuzi mashimoni. Ukiona ndege au panya wamekufa hapo, panda juu haraka. Huku Lac Vert upepo si anasa, ndio unaotulinda.