Njia ya Lodwar

Nilipokuwa mtoto Kitale, sayari ya Tatooine ilikuwa njia ya Lodwar. Hakuna aliyebisha ndani ya kibanda chetu cha video, maana aliyelisema ndiye aliyeshika rimoti. Mchanga usio na mwisho ulipotokea na majua mawili yakawa yanazama kwa pamoja, alipunguza sauti ya televisheni, akakohoa, akatangaza: "Sasa tumefika Lodwar, ndugu zangu. Joto lake mwalijua." Tulilijua kwa kusimuliwa. Kitale ndio mji wa mwisho wenye baridi kabla barabara haijapita Kapenguria na kuteremka Turkana, na malori yaliyotoka huko yalirudi na vumbi ambalo halikufanana na letu.

Baba yangu aliendesha mojawapo ya malori hayo. Miaka ya tisini chakula cha msaada cha Sudan Kusini kilipita kwetu kuelekea Lokichoggio, na yeye alikuwa akiondoka Jumatatu bila sisi kujua angerudi Jumatatu ipi. Kwa hiyo kijana yule kwenye kioo, aliyelelewa na mjomba wake jangwani na kutazama upeo wa macho kila jioni, kwangu hakuwa mgeni hata kidogo.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, mtaani Matisi. Kiingilio shilingi kumi, watoto tano. Tulikalia mabanzi yaliyopigiliwa juu ya magogo, na madirishani kulitundikwa magunia ili mwanga usiingie. Wakati wa mavuno mahindi yalianikwa hadi mlangoni, nasi tukajifunza kuyaruka bila kukanyaga hata punje moja, kwani mwenye mahindi alikuwa mama mmoja aliyekaa papo hapo akiuza njugu. Ndani kulikuwa na deki moja, televisheni moja, na jenereta ya kungojea stima ipotee.

Yule mwenye rimoti tulimwita Mtangazaji, na sijui kama alijali kuitwa jina jingine. Siku hizi kazi yake ina watu mashuhuri: nchini mwetu DJ Afro, na ng'ambo ya Malaba VJ Jingo na wenzake wanaotafsiri kwa Kiganda. Yeye hakuwahi kurekodi chochote. Alisimulia akiwa amesimama kando ya televisheni, sinema baada ya sinema, na kesho yake akisimulia ile ile, maneno yalibadilika. Darth Vader alikuwa Kofia ya Chuma. Jedi walikuwa wazee wa upanga. Ile nguvu ambayo filamu nzima inaizungumzia aliieleza kwa sentensi moja ambayo bado sijasikia bora yake: ni kama baraka, haiibiwi, mtu hupewa.

Sauti ya James Earl Jones, ambayo ulimwengu mzima unaijua, sikuisikia hadi nilipokuwa mtu mzima. Kofia ya Chuma niliyemjua mimi alizungumza kwa sauti ya Mtangazaji, na kwa lafudhi ya Trans Nzoia.

Lakini kuna mahali ambapo Mtangazaji alinyamaza. Ni katika ile filamu ya pili, ya mwaka 1980, pale kijana amekatwa mkono na ananing'inia juu ya shimo, na adui anamnyoshea mkono. Mtangazaji aliacha kusema. Tulisikia jenereta tu. Kisha akasema polepole, kana kwamba anamficha mtu habari ya msiba: "Ni babake." Kibanda kizima kilisimama. Mama wa njugu akachungulia kupitia gunia akauliza, nani amekufa? Hakuna aliyemjibu. Usiku ule nilipita katikati ya mahindi hadi nyumbani nikakuta lori halijarudi.

Likizo ya Desemba ilinipeleka Bungoma kwa mjomba, kwa matatu iliyopita Kiminini na Kamukuywa. Bungoma ni chini, kuna joto, na kuna harufu ya miwa. Tena iko kwenye barabara kuu ya Uganda, na kanda za video zilifika kutoka huko zikiwa na sauti za wafasiri wa Kiganda. Binamu yangu, tuliyelingana umri, alikuwa ameitazama Tatooine katika kibanda cha karibu na soko. Nilipomwambia habari za Lodwar alinitazama kwa huruma. Aliyemsikia yeye alikuwa amesema ni Karamoja.

Tulibishana mpaka mjomba akatutenganisha. Leo naona kwamba huo ndio uliokuwa mjadala wetu wa kwanza kuhusu filamu hizi, na haukuwa wa kitoto. Kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi: binamu alisikia kwa masikio yake, nami vilevile. Sinema zilikuwa mbili. Picha tu ndiyo iliyokuwa moja.

Mjadala wa pili uliletwa na filamu ya 1999. Kanda ilipotufikia, ilikuwa imeandikwa kuwa ni ya kwanza. Sisi tulikuwa tumeona tatu: ya 1977, ya 1980 na ya 1983. Vipi ya kwanza izaliwe baada ya ya tatu? Mtangazaji alipata shida kubwa siku hiyo, kwani watu walikataa kuketi mpaka waelezwe. Alieleza kwamba zile tatu tulizoona ni za nne, tano na sita, kwamba mtunzi wake, George Lucas, alianzia katikati, na kwamba mtoto huyu mdogo tutakayemwona ndiye atakayekuwa Kofia ya Chuma. Mtu mzima mmoja akalia kwa hasira: mbona basi tumwonee huruma, ilhali twajua atakakofika? Sidhani kuna mhakiki aliyeliuliza swali la filamu zile tatu, za 1999, 2002 na 2005, vizuri zaidi ya huyo.

Miaka ilikwenda. Kanda zikawa sidii, sidii zikawa DVD, kibanda cha Matisi kikawa duka la mbolea na mbegu. Mtangazaji alitoweka machoni petu. Oktoba 2012, Lucas alipoiuza kampuni yake kwa Disney kwa zaidi ya dola bilioni 4, binamu alinipigia simu kazini kunipa habari hiyo kabla hata ya salamu. Halafu Juni 2014 ikatangazwa kwamba Lupita Nyong'o yumo katika filamu ya saba. Alikuwa ametwaa Oscar miezi mitatu tu iliyotangulia. Binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, mtoto wa nyumbani, alikuwa anaenda Lodwar yetu!

The Force Awakens ilitoka katikati ya Desemba 2015. Wakati huo nilikuwa nimehamia Bungoma kikazi. Si Bungoma wala Kitale kulikokuwa na jumba la sinema la kuionyesha, na Nairobi ilikuwa safari ya kutwa nzima. Tuliipata jinsi tulivyopata kila kitu: dukani kwa kijana aliyechoma DVD kwa shilingi hamsini. Ilikuwa kopi ya kamera, iliyoibwa gizani katika jumba la sinema la nchi ya mbali. Vichwa vya watu vilipita mbele ya picha. Watu tusiowajua walicheka kabla yetu na kushangilia kabla yetu. Haki za watunzi hazikuheshimiwa hapo, na sitalipaka rangi jambo hilo. Lakini duka lile la upana wa mlango mmoja ndilo lililokuwa ukumbi wetu Januari nzima ya 2016.

Kinyozi wa jirani ndiye aliyeuwasha moto. Staringi amekufa! Han Solo, mtu aliyempenda tangu utotoni, amechomwa upanga na mwanawe wa kumzaa, akatumbukia shimoni. Kinyozi alisema sheria ya sinema ni moja, staringi hafi, na atakayeivunja sheria hiyo amrudishie shilingi hamsini zake. Hakuwa akitania. Alikuwa na machozi.

Binamu alikuwa na kesi nyingine. Aliihesabu kwa vidole: mtoto wa jangwani asiyejua asili yake, roboti mdogo aliyebeba siri, mtambo wa mviringo unaoangamiza sayari, vindege vidogo vinavyoupiga mahali pamoja pa udhaifu ukalipuka, mzee anauawa mbele ya macho ya kijana. "Hii tuliiona 1977," akasema, ingawa 1977 hakuwa amezaliwa. "Wametupashia moto kiporo."

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Kibabii alimkatiza. Je, 1977 uliona msichana akiuita upanga ukatoka thelujini ukamjia mkononi? Uliona mweusi akiwa mbele, si nyuma? Alimtaja John Boyega, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Kisha sauti yake ikabadilika alipofika kwa Lupita. Wamemchukua mwanamke ambaye ulimwengu mzima umeuona uso wake, alisema, wakamfunika kwa kompyuta, wakampa ngozi ya rangi ya chungwa na miwani mikubwa. Mwendo ni wake, sauti ni yake, lakini uso umebaki Marekani. Kwa nini yeye?

Duka lilitulia. Kuna aliyejibu kwamba Maz Kanata ni nyanya mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu, ndiye aliyeuhifadhi upanga miaka yote, na kwamba kupewa kuwa nyanya wa ulimwengu ni heshima. Mimi nilisimama na yule mwanafunzi, na bado nasimama naye. Heshima ni kweli ilikuwepo, ila tulikuwa tumengoja mwaka mmoja na nusu kumwona mtu wetu, na tulipofika hatukumwona.

Mwalimu wa fizikia, ambaye kila siku alikuja kututhibitishia kwamba angani hakuna hewa na kwa hiyo milipuko ile haiwezi kusikika, siku hiyo aliacha. Badala yake alitukumbusha kwamba tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, Waitalia walirusha kutoka kwenye jukwaa lao baharini, karibu na Malindi, setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota, na ikapewa jina Uhuru. "Huko juu jina letu lilitangulia," alisema. "Sura itafuata." Mwanafunzi hakuridhika. Lakini alitabasamu.

Mjomba alikuwa ameketi mlangoni muda wote huo akingoja simu yake ipate chaji. Hajawahi kutazama filamu hizi. Alisikiliza mashtaka ya kinyozi na ya binamu hadi mwisho, halafu akauliza: "Huyo kijana aliyemuua babake ni wa rika gani?"

Tulidhani hakuelewa. Tukamweleza kwamba hao si Wabukusu. Akasema anajua, ila anauliza vilevile, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hutafutiwa babu. Binamu akamwambia kwamba kwa hakika kijana anamwabudu babu yake, Kofia ya Chuma. Ameweka kofia iliyoungua ya babu na kuzungumza nayo akiwa peke yake. Mjomba akaitikia kwa kichwa, kama daktari aliyeambiwa dalili aliyoitarajia, akasema: "Basi babu huyo hakuzikwa vizuri." Akachukua simu yake akaenda.

Nililifikiria hilo kwa siku nyingi. Kwa Wabukusu marika ya tohara yana majina manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi na mengine yanayofuata, na jina likishapita hurudi baada ya takriban karne moja. Kijana anayetahiriwa leo huitwa jina la rika la watu ambao hata makaburi yao hayaonekani tena. Haambiwi ameiba. Anaangaliwa tu atakavyolibeba. Nilipomwambia binamu kwamba labda filamu ya saba haikuwa kiporo bali rika lililorudi, alikataa katakata. Alisema rika hurudi na watu wapya, si na mtambo ule ule wa mviringo. Katika hilo la mtambo hakukosea.

Kopi safi ilifika Aprili. Wakati huo binamu alikuwa amempata Mtangazaji: alikuwa akitengeneza redio na simu Kiminini, mvi zimemjaa. Tulimwomba aje Kitale nyumbani kwetu Jumapili moja, akaja na shati lililopigwa pasi. Baba, aliyekuwa ameacha kuendesha miaka mingi kabla, alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Hakuwahi kuingia kibanda cha Matisi hata siku moja; sinema zilipoonyeshwa yeye alikuwa barabarani.

Mtangazaji aliishika rimoti, akasimama kando ya televisheni kama zamani, ingawa kulikuwa na kiti. Mchanga ukatokea. Hapo si Tatooine, ni sayari nyingine inayoitwa Jakku, na jambo hilo lilikuwa shtaka la kwanza katika kesi ya binamu. Mtangazaji hakulijua. Alipunguza sauti, akakohoa.

"Tumerudi Lodwar, ndugu zangu."

"Karamoja," akasema binamu kwa sauti ya chini.

Kwenye kioo msichana alikuwa amekaa peke yake ndani ya mashine kubwa iliyoanguka. Akakwaruza mstari mmoja ukutani. Ukuta mzima ulikuwa umejaa mistari ya namna hiyo, mmoja kwa kila siku aliyowangoja watu wake. Mtangazaji hakusema neno mpaka kamera ilipotoka nje tena, mchangani.

Baba alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini.

"Hapo si Lodwar," akasema. "Lodwar kuna mawe. Hapo ni mbele, ukishapita Kakuma."

Mtangazaji alimgeukia, akamwinamishia kichwa.

"Mbele ya Kakuma," akatangaza.