Duka la Spi la Butembo

Mpwa wangu wa Beni amenishauri niiuze trekta ya marehemu baba kwa kilo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mtaa kwa mtaa na kulipa papo hapo, na kwa macho yake chombo kinachodondosha oili hakina faida tena. "Mjomba, hii inavuja tangu sijazaliwa," aliniambia. Nilipomjibu kuwa kinachovuja ni spi tu, pete ya mpira ya kuzuia oili, inayoenea kiganjani, alinitazama kana kwamba nimemtajia dawa ya kienyeji. Kijana huyu anaishi juu ya pikipiki, lakini spi za pikipiki hiyo hubadilishwa na wengine, yeye akiwa kando na simu yake.

Trekta yenyewe ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964. Namna ilivyofika mikononi mwa baba baada ya 1973 siielezi. Watu wa rika langu wanaujua mwaka ule wa zairianisheni, mali za wageni zilipotwaliwa. Ilivuta trela la kahawa ya robusta kutoka shambani, na msimu wa mavuno shafti yake ya nyuma ilizungusha kwa mkanda mashine ya kukoboa. Shafti hiyo ndiyo iliyovuja. Katika trekta hii giaboksi, ekseli ya nyuma na mikono ya kunyanyulia jembe vyote hutumia oili moja, kwa hiyo tundu moja likivuja vyote vinapungukiwa. Matone yakigusa mkanda, mkanda unateleza. Yakigusa kahawa, mnunuzi ananusa gunia na kushusha bei.

Spi haikupatikana Beni. Mimi na baba tulipanda Butembo juu ya magunia ya lori, kilomita 54 ambazo wakati wa mvua zilikula siku nzima. Nilidhani ilikuwa kabla ya Krismasi ya 1979, noti za zaire 5 na 10 zilipofutwa. Dada yangu anasema ilikuwa baada, kwa sababu anakumbuka baba akihesabu noti mpya. Na iwe baada.

Duka lilikuwa chumba kimoja katikati ya mji. Harufu ndiyo iliyokupokea mlangoni: mpira mpya, grisi, karatasi ya kahawia iliyolowa mafuta, na chini ya hizo zote kahawa, maana kwenye kona ya nyuma mzee mwenye duka aliweka arabika ya Lubero. Mfanyabiashara wa Butembo hakuwahi kutegemea biashara moja. Spi zilitungwa kwenye waya, kubwa juu, ndogo chini. Zile nyembamba zilikaa katika makopo ya biskuti. Mzee alivaa koti la kijivu lenye mfuko uliochanika kwa uzito wa kipimo chake cha chuma, kile chenye taya mbili. Sikumwona amekaa hata mara moja.

Salamu za Kinande zilipokwisha, na hazikwisha upesi, baba alisema, "Papa, nahitaji spi ya Massey, ya shafti ya nyuma."

"Ya zamani iko wapi?"

Baba akaitoa mfukoni. Mzee akaifuta, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaibana kwa taya ndani na nje. Kisha akaanza somo, akimtazama baba lakini akinifundisha mimi. Mwingereza amepima kwa inchi, akasema. Inchi moja na robo ni milimita 31.75, na anayekuuzia ya 32 anakuuzia safari ya pili. Halafu likaja swali ambalo leo silisikii popote: "Shafti umeipitisha ukucha?"

Maana yake ni hii. Mdomo wa spi, ukisukumwa na springi nyembamba iliyo ndani yake, hukaa sehemu ileile ya shafti miaka na miaka mpaka chuma kinapata mfereji. Ukucha ukikwama hapo, spi mpya itavuja pia. Dawa ni kuikalisha mbele au nyuma kidogo ya pale ilipokuwa ile ya zamani, nyumba yake ikiruhusu, ili mdomo uguse chuma ambacho hakijalika. Tena aliuliza habari za tundu la kupumulia: likizibwa na vumbi, joto linajaza shinikizo ndani na oili inatafuta pa kutokea. Ndipo akapokea fedha.

Kazi tuliifanya nyumbani. Fundi alichimba mashimo mawili, magurudumu ya mbele yakashuka humo, trekta ikainama na oili ikakimbilia mbele. Hivyo hatukumwaga yote. Shafti ina meno sita makali yanayoweza kuukata mdomo wa spi wakati wa kuipitisha, basi aliyafunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyopakwa grisi. Mdomo ulielekezwa ndani, kwenye oili. Spi aliigonga kwa kipande cha mti, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikakaa sawa. Msimu ule mkanda haukuteleza.

Miaka ya tisini naipita haraka. Mnyauko uliua robusta ya Beni na Oicha, mashine ya kukoboa ikanyamaza, na vita vilivyofuata mnavijua. Mzee alifariki. Bidhaa zikaanza kutoka Dubai, kisha Guangzhou, maduka yakapata vioo. Tangu 2014 shamba letu la upande wa Mbau halifikiki kwa ukosefu wa usalama, na trekta imelala uani.

Siyatukuzi ya zamani yote. Kilichokosekana Butembo kiliagizwa Kampala au Nairobi, nasi tukingoja huku kahawa ikioza. Leo utapata spi ya karibu kila mashine kabla ya chakula cha mchana. Lakini muuzaji ataiweka juu ya ile ya zamani, ataikodolea macho, atasema "inafanana," na ataandika kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Niliyouziwa mwaka jana mdomo wake ulipasuka nilipoukunja kwa kidole. Fundi naye akaona njia rahisi: kuongeza oili kila wiki.

Wafanyabiashara wa vipuri wa Butembo, mmepanua maduka na tunawapongeza. Sasa wekeni kaunta kipimo kimoja cha taya mbili na mtu anayejua kukisoma. Nasi wateja, tuache kutuma mtoto dukani na jina la mashine peke yake: tumpe spi ya zamani aende nayo, na kabla hajaondoka tuoshe shafti na tuipitishe ukucha.