Pampu ya Rebero

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie machache juu ya masomo yangu, kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza, "Hiyo elektroniki ya viwandani ni kitu gani?" Nitajaribu kujibu. Lakini itanipasa nisimulie na habari ya aibu iliyonipata, maana pasipo hiyo nisingeyafahamu masomo yenyewe barabara.

Nakaa Rebero, kilima kimoja cha mji wa Kigali, nchini Rwanda. Ukisimama huko usiku waziona taa za mji zimetapakaa chini yako. Kilimani pana ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na kati ya waliozikwa hapo wamo wanasiasa waliouawa kwa kuyapinga. Kila tarehe 13 Aprili watu hukusanyika kuwakumbuka. Baada ya msiba ule nchi ilihitaji sana mafundi wa kuijenga upya. Mwaka 1997 ikafunguliwa KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, ambayo mwaka 2013 iliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda.

Sasa masomo yetu. Mwaka wa kwanza ni hesabu na fizikia tupu, na wengi hukata tamaa hapo. Kisha huja mota, rilei, na vyombo vya kupimia joto, mgandamizo na kimo cha maji. Mwisho hujifunza kuviunganisha vyote ili mtambo ujiendeshe wenyewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na makabati yaliyojaa rilei, na kiwanda kilipotaka kubadili kazi, mafundi walifungua nyaya mamia na kuzifunga upya. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors, huko Marekani, ikatafuta njia nyepesi zaidi. Dick Morley na wenzake wakatengeneza kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo, wakaiita 084 kwa sababu ilikuwa kazi yao ya themanini na nne. Leo vyombo vya namna hiyo vimeenea viwandani kote. Nchini Rwanda, mtambo wa KivuWatt huko Karongi huvuta gesi kutoka kilindini mwa Ziwa Kivu na kuzalisha umeme wa megawati 26. Hebu fikirini, kazi kama hiyo mtu ataiendeshaje kwa kufungua na kufunga mabomba kwa mkono?

Nilipofika mwaka wa tatu nilijiona fundi kamili. Mama mwenye nyumba ninayopanga ni mzaliwa wa Nyamirambo, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Maji ya bomba yalikuja kwetu kwa zamu, mara nyingi usiku, yakajaa katika tangi la chini uani. Ilimbidi mama yule aamke awashe pampu, angoje tangi la juu lijae, kisha aizime. Nikamwambia, "Mama, lala usingizi. Nitakutengenezea mtambo."

Nikanunua rilei na swichi mbili za boya. Tangi la juu likipungua, boya la kwanza liliwasha pampu. Likijaa, boya la pili lilipeleka umeme wa kuizima. Kwa majuma sita mtambo ulifanya kazi bila kosa, na mama akawa akinisifu kwa majirani.

Asubuhi moja niliamshwa na kelele. Usiku panya alikuwa ameukata waya wa boya la pili. Tangi lilipojaa, habari haikufika, na pampu ikaendelea kuvuta. Maji yalimwagika, yakateremka mlimani, yakachukua matuta ya mboga ya jirani. Tangi la chini likakauka, pampu ikazunguka pasipo maji, na mota yake ikaungua. Nyumba nzima haikuwa na tone la maji wala pampu.

Nilimwonyesha mama ule waya na kumwambia, "Si mimi, mama. Ni panya."

Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Panya hakusoma chuo kikuu, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, nikaenda kumwomba na jirani, nikaahidi kulipa pampu. Kwa miezi mitatu sikupanda basi. Nilishuka mlima kwa miguu alfajiri na kuupanda tena jioni, ili nauli yangu iende katika deni.

Siku chache baadaye mwalimu alitufundisha jinsi chombo cha kupimia kinavyopeleka habari. Aliandika ubaoni: miliampea 4 ni tangi tupu, miliampea 20 ni tangi lililojaa. Akauliza, "Kwa nini tusianze na sifuri?" Darasa likanyamaza. Nikainua mkono nikasema, "Kwa sababu sifuri ni waya uliokatwa na panya." Wenzangu walicheka, lakini mwalimu akasema jibu ni sahihi. Chombo kizima husema hata tangi likiwa tupu. Kikinyamaza kabisa, twajua kimeharibika. Ndiyo maana pia kitufe cha kusimamishia mashine hupitishiwa umeme wakati wote. Ukikibonyeza, au waya wake ukikatika, mashine husimama.

Nikaufunga upya mtambo wa mama kwa kanuni hiyo. Sasa boya la juu hupitisha umeme muda wote ambao tangi halijajaa, na huukata likijaa. Panya akirudi, pampu itazimika tu. Tangi la chini nalo nililitia boya lake, lisikauke tena.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Ninyi mlio madarasani leo, ikiwa hamkuelewa somo la hesabu au la fizikia, msinyamaze. Mwalimu asiposikia neno hudhani mambo ni mema, naye huendelea mbele, kama pampu yangu ilivyoendelea usiku ule. Inueni mkono mapema, hata kama wenzenu watacheka. Na siku mtakapokosea, msimtafute panya.

Deni langu limekwisha, nami napanda basi tena. Nawatakia nyote masomo mema.