Dalton, Mji wa Mazulia

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Georgia, nchini Marekani, chini ya milima ya Appalachia, uko mji wa Dalton, ambao wenyeji huuita Mji Mkuu wa Mazulia Duniani. Sehemu kubwa ya mazulia ya Marekani hutengenezwa humo na katika viunga vyake.

Kazi hiyo ilianza kwa sindano ya binti mmoja. Mwaka 1895 Catherine Evans, mwenye umri wa miaka 15, alishona tandiko la kitanda kwa uzi mnene wa pamba, akazikata nyuzi juu ya kitambaa, kisha akalifua kwa maji ya moto ili kitambaa kijikunyate na kuvibana vishungi. Tandiko la kwanza aliliuza mwaka 1900 kwa dola 2.50. Katika miaka ya 1930, wakati wa ukata mkubwa, familia za huko ziliyaanika matandiko yao kando ya barabara kuu ya 41 ili wasafiri wanunue. Kwa kuwa mengi yalipambwa kwa tausi, njia ile ikaitwa Uchochoro wa Tausi.

Mashine za leo hufuata mtindo uleule: mamia ya sindano hupenyeza nyuzi kitambaani na kuziacha zikisimama kama vitanzi, na nyuma hupakwa gundi. Vitanzi vikiachwa vizima, zulia huvumilia miguu mingi. Lakini ukucha wa paka ukinasa kimoja, safu nzima yaweza kufumuka. Vikikatwa, zulia huwa laini, bali huonyesha nyayo.

Dukani mkono huvutwa na urefu wa nyuzi, na hapo ndipo fedha za wengi hupotea. Kumbe ubora umo katika kusongamana! Zulia likunjwe kinyumenyume: kitambaa cha chini kikionekana wazi baina ya mistari, nyuzi zitalala upesi. Ncha nazo zitazamwe. Zilizosokotwa barabara hazitawanyiki kama ufagio mkuukuu. Nyuzi ndefu huficha mchanga, na mchanga ukikanyagwa kila siku huzikata kwa chini. Kwa nyumba inayoingiwa na buti, zulia fupi lililosongamana lafaa zaidi. Pasipo mashine ya kufyonza vumbi, heri zulia dogo liwezalo kutolewa nje, likaning'inizwa kambani na kupigwa fimbo.