Fedha ya Utafiti Si Hasara

Mimi ni karani wa parokia huku kwetu Nachingwea. Kazi yangu hasa ni vitabu vya ubatizo na ndoa, lakini kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu, watu huniletea na karatasi zao nyingine. Kila mwaka wazazi huja na vijana waliomaliza kidato cha sita, niwasaidie kujaza maombi ya masomo. Hapo ndipo ninaposikia maneno haya: "Serikali itoe fedha watu wakasomee karanga? Wakutane na wageni wa nchi za mbali kutazama majani? Heri tujengewe barabara." Babu mmoja wa upande wa Ruangwa alimkataza mjukuu wake, binti mwenye akili nzuri, kuomba masomo ya sayansi ya kilimo kwa sababu hiyo hiyo.

Maneno hayo si ya kudharauliwa, maana barabara nazo tunazihitaji. Lakini sisi wa huku tuna ushahidi wetu wenyewe juu ya jambo hili, nao ni karanga.

Wazee walitusimulia habari za mpango wa karanga wa Waingereza. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 walitumwa wataalamu watatu. Kwa muda wa miezi michache tu wakazunguka Tanganyika na nchi jirani, safari nyingi kwa ndege, wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea. Yakaletwa matrekta, ikajengwa bandari Mtwara, na reli mpaka kwetu. Lakini hapakutangulia shamba la majaribio. Kule Kongwa mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikakwama ardhini. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, imekwisha kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960.

Basi, fedha iliyopotea hapo ilikuwa fedha ya matrekta na reli, iliyotumika kabla watu hawajauliza udongo na mvua vinasema nini.

Sasa tazameni ushahidi wa pili. Huko Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kiko kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wetu walifanya kazi ya mazao ya mafuta huko pamoja na Waingereza, na serikali yao ikisaidia gharama. Baadaye wakashirikiana na ICRISAT, taasisi ya kimataifa yenye makao yake India, inayopata fedha kwa serikali nyingi na wafadhili wengine. Ushirika huo haukuwa anasa. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, na ghala la mbegu la taasisi hiyo limehifadhi aina za karanga zaidi ya 15,000. Mtaalamu aliyejifungia Mtwara peke yake angezipata wapi? Tena ule ugonjwa wa rozeti, unaoidumaza mikaranga na kuyageuza majani yake kuwa manjano, huenezwa na wadudu mafuta, na wadudu hawajui mpaka wa nchi.

Matunda yake tunayaona. Mwaka 1998 ilitolewa mbegu iitwayo Pendo, ambayo hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, hata mvua ikikatika mapema mkulima apate kuvuna. Mwaka 2009 zikatolewa nyingine, na moja ikaitwa Nachingwea. Jina lililotajwa zamani kwa hasara sasa ni jina la mbegu.

Lakini liko jambo la kuangalia. Mfuko wa jirani hufungwa siku jirani apendapo. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi za utafiti wa kilimo katika Afrika zikakosa fedha. Nchi za Afrika ziliahidiana kutoa shilingi 1 katika kila shilingi 100 za pato la nchi kwa ajili ya utafiti, na nyingi hazijafika hapo. Ushirika na wageni ni mwema, ila nasi tuchangie chetu.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, nawasihi mambo matatu. Kwanza, mtoto aliyefaulu sayansi msimkataze. Mwaka 2022 serikali yetu ilianzisha ufadhili uitwao Samia Skolashipu kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, nao si mkopo wa kurudishwa. Pili, mtafiti mgeni akifika kijijini mpokeeni, mwulizeni kibali chake cha COSTECH, yaani tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kisha mtakeni arudi kuwaeleza kwa Kiswahili alichokiona. Tatu, siku mbunge anapokuja mkutanoni, pamoja na barabara mwulizeni Naliendele imepata kiasi gani mwaka huu, na imetumika kwa kazi gani. Mali bila daftari huisha bila habari.