Mega za mwanafunzi: jinsi nilivyopunguza uzito wa picha zinazotembea

Likasi. Mwalimu mmoja wa kemia, jirani yangu hapa komini ya Kikula, aliniomba nimtengenezee somo la kuangalia kwenye simu. Alitaka wanafunzi wake waone namna shaba inavyopatikana kwa nguvu ya umeme, kazi iliyofanyika Shituru tangu wakati wa Union Minière. Watoto wa mji huu wanakiona kiwanda kwa nje kila siku, na wengi wao babu zao walifanya kazi humo, lakini kinachotokea ndani ya mabirika hawajakiona. Mimi huandika habari za mji, na pia hutengeneza kurasa za intaneti ili mfuko usikauke. Nikakubali.

Nilichora birika lenye maji ya buluu. Mwanafunzi akigusa swichi, umeme unapita, chembe za shaba zinaogelea hadi kwenye kathodi na kuinenepesha kidogo kidogo, na upande wa anodi viputo vya oksijeni vinapanda juu. Niliweka picha ya kiwanda nyuma, nikaongeza muziki. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza sana. Nikatuma.

Jioni mdogo wangu wa kike, anayesoma darasa hilohilo, alikuja na simu mkononi. Akaniambia: "Yaya, mega yangu ilishaisha, na shaba haiyatembea." Alikuwa amenunua mega 50 kwa pesa zake za mikate ya shuleni. Alijaribu kufungua mara sita, na kila mara mtandao ulikatika karibu na mwisho, ukaanza upya. Ukurasa wangu ulikuwa na mega 9 na nusu. Darasa lao lina wanafunzi 52. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba hata kama mtandao usingekatika, somo langu moja lingekula karibu mega 500 za wazazi. Nikaona haya.

Basi ndugu wasomaji, kwa kuwa vijana wengi wa hapa wanajifunza kazi hii, naandika nilichofanya.

Kwanza, sikupunguza kitu kabla ya kupima. Kivinjari cha kompyuta kina sehemu ya watengenezaji inayoonyesha kila faili la ukurasa na uzito wake. Mimi nilidhani mchoro ndio mzito. Kumbe picha ya kiwanda peke yake ilikuwa mega 5, muziki mega 3, herufi za mapambo karibu nusu mega, na mchoro wenyewe mega moja na kidogo. Ningeushughulikia mchoro wiki nzima, na mwanafunzi asingeona tofauti.

Picha niliyopiga ilikuwa na upana wa pikseli 4,000, wakati kioo cha simu hakihitaji hata robo yake. Niliipunguza hadi pikseli 800 na kuihifadhi kwa muundo wa WebP. Ikabaki kilobaiti 60. Muziki niliuondoa kabisa, na hakuna aliyeuliza uko wapi. Kama sauti ni ya lazima, iache ipakuliwe pale tu mtu anapoigusa. Herufi za mapambo nazo zikaenda, nikatumia zile ambazo simu inazo tayari.

Ndipo nikarudi kwenye mchoro, ambao ni wa SVG. Faili la SVG ni maandishi yanayoieleza picha, kwa hiyo linapungua kama maandishi yanavyopungua. Nilikuwa nimechora chembe 40 za shaba, moja moja. Sasa nikachora chembe moja, nikaiita kila ninapoihitaji. Birika nililipata kwa kuifuatisha picha kwa programu, na programu ilikuwa imeweka maelfu ya nukta pasipo sababu. Nikalichora upya kwa mkono, likatosheka na nukta chache. Mahali pa kila nukta palikuwa pameandikwa kwa tarakimu nyingi baada ya desimali, moja inatosha. Inkscape, ambayo ni ya bure, ina njia ya kuhifadhi SVG iliyopunguzwa, na programu ya SVGO hufanya kazi hiyohiyo. Mwisho, seva ikiwashwa mbano wa gzip, maandishi hayo yanasafiri yakiwa madogo zaidi. Mega moja na kidogo ikawa kilobaiti 18 njiani.

Lakini jihadharini. Programu hizi za kupunguza huweza kufuta au kubadili majina ya sehemu za mchoro. Swichi yangu ilipoteza jina, na kodi iliyokuwa ikiitafuta haikuipata tena. Mtu anagusa, hakuna kitu. Tangu siku hiyo nina faili mbili: ya asili, yenye majina na matabaka yote, ambayo haipunguzwi kamwe, na nyepesi inayotoka kwake. Kosa nalisahihisha kwenye ya asili, kisha natoa nyepesi upya.

Uzito ulipokwisha, simu ya mdogo wangu bado ilikuwa inakwamakwama. Ili mwendo uwe laini, kioo kinachorwa mara 60 kwa sekunde, yaani simu inapata kama milisekunde 16 tu kwa kila picha. Mimi nilikuwa nasogeza chembe kwa kubadili umbali wake kutoka juu na kushoto, jambo linaloilazimisha simu kupanga ukurasa upya kila mara. Nikahamia kwenye transform na opacity, ambazo simu huzimudu kwa urahisi zaidi. Nikaondoa vivuli na ukungu. Chembe 40 nikazifanya 12. Mwalimu alisema hakuna mtoto anayezihesabu. Na mtu akishuka chini ya ukurasa asiuone mchoro, mwendo unasimama, betri inapumzika.

Kuhusu mpangilio wa kazi, hapa kwetu umeme hauagi unapoondoka. Nahifadhi baada ya kila badiliko, na kila jioni naandika tarehe kwenye jina la nakala na kuiweka kwenye flashi. Na najaribu kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani kabla ya kufurahi kwenye kompyuta.

Chagueni pia miundo iliyo wazi. Kazi nyingi za Flash zilinyamaza Adobe ilipoacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na tangu tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikazuia yaliyomo kufunguka. Aliyebaki na faili la mwisho tu, bila michoro ya asili, alikuwa na kazi ngumu ya kuirudisha. Hata Lottie, iliyotolewa na Airbnb mwaka 2017 na inayopendwa sasa, inahitaji kisomaji chake chenye uzito wake. Kwa mchoro mmoja mdogo kama wangu, SVG na kodi kidogo vinatosha.

Ukurasa mzima sasa ni karibu kilobaiti 100. Darasa lote la watoto 52 linatumia kama mega 5, pungufu ya mtoto mmoja siku ile ya kwanza. Mdogo wangu nilimrudishia pesa zake za mikate. Aliwasha swichi, akatazama kathodi ikinenepa, akaizima, akaiwasha tena. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelichora: kwa nini anodi yenyewe haipungui? Nikamwambia ni ya risasi na haiyeyuki kama shaba. Jibu hilo linaingia kwenye toleo lijalo, na nimejiwekea mpaka: lisizidi kilobaiti tano.